Kifaa kilisoma 11.2 huku mama anavuja damu

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya huku pwani. Mwaka huu tulipewa kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma wingi wa damu bila kumchoma mgonjwa sindano. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Mapigo yalikuwa 124, presha 95/60. Kifaa kiligoma mwanzoni kwa sababu vidole vyake vilikuwa na piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Tukatafuta kidole kisicho nacho, kikasoma 11.2. Mwenzangu akasema damu bado ipo ya kutosha, tusiwe na haraka ya kumpa rufaa. Mimi nikaita gari. Asubuhi yake maabara ya hospitali ya wilaya ikasoma 6.9. Mama yuko hai na mtoto ananyonya, lakini kituoni tunabishana mpaka leo. Kifaa ni kibovu, au sisi ndio tulikitumia vibaya? Tukiache kabisa?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kabla sijafika kwenye kifaa, niseme hili: kuita gari ulifanya sawasawa. Mapigo 124 na presha ya juu 95 kwa mzazi anayetoka damu ni hatari tosha, na hakuna namba ya kidoleni inayoweza kuifuta.

Sasa kifaa. Huenda utashangaa, lakini 11.2 ile inaweza kuwa ilikuwa kweli, na 6.9 ya asubuhi nayo ni kweli, bila mama kupoteza damu nyingine nyingi hapo katikati.

Wodini tumezoea kusema "damu yake ni kumi na moja" au "damu imebaki saba", kama vile tunasoma geji ya tangi la maji. Lugha hiyo inatupoteza. Kipimo cha hemoglobini (ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu), kiwe cha kidoleni au cha maabara kubwa, hakihesabu damu iliyomo mwilini. Kinapima ukolezo, yaani kila desilita moja ya damu ina gramu ngapi za hemoglobini. Chukua birika la chai ya rangi, mwaga nusu yake. Tazama iliyobaki: rangi ni ile ile. Chai imepungua nusu, ukolezo haujapungua hata kidogo. Ukitaka kuona rangi inafifia, ongeza maji.

Mama anayetoka damu ndivyo alivyo. Anapoteza seli nyekundu na maji ya damu kwa pamoja, kwa uwiano ule ule, kwa hiyo kinachobaki kwenye mishipa kina ukolezo ule ule. Mjamzito aliyefikisha miezi yake huwa na damu inayokaribia mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 ana karibu lita sita. Anaweza kupoteza lita moja na nusu sakafuni, na hemoglobini ya dakika ile ikawa karibu sawa na aliyoingia nayo leba. Baadaye, kwa muda wa saa kadhaa, maji ya kwenye tishu huhamia taratibu ndani ya mishipa kuziba pengo. Na sisi tunafungua dripu, tunamwaga lita mbili. Hapo ndipo chai inatiwa maji. Sehemu kubwa ya 6.9 mliyoipata asubuhi ni damu ileile iliyotoka usiku mbele ya macho yenu. Namba ilichelewa kufika.

Kwa hiyo mwenzako hakukosea kusoma kifaa. Alikiuliza swali ambalo hakiwezi kulijibu, na hata mngechota damu ya mshipani dakika ile mkaipima maabara, mngepata namba inayofanana na hiyo na kosa lingekuwa lile lile. Ninalisisitiza kwa sababu watu wengi wakisikia mkasa kama wenu hukimbilia kulaumu mwanga na betri.

Hata hivyo kifaa chenyewe kina udhaifu wake, na inafaa kituo kizima kiujue. Ujuzi huu ulianza na oksimeta, kile kibanio cha oksijeni mnachokijua. Mjapani Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden aligundua kanuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa vifaa vya leo ni hivi: pitisha kidoleni mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na mwanga usioonekana wa karibu nanomita 940, kisha fuatilia ile sehemu tu ya mwanga inayocheza pamoja na mapigo ya moyo, maana hiyo ndiyo damu ya ateri. Hemoglobini yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hufyonza miale hiyo miwili kwa viwango tofauti. Gawanya moja kwa nyingine, unapata asilimia. Uzuri wa kugawanya ni kwamba unene wa kidole unajifuta: kiwe cha mtoto au cha mvuvi mwenye mikono minene, uwiano unabaki.

Kupima hemoglobini yenyewe ni kazi ngumu zaidi kwa sababu hapo hatutafuti uwiano, tunatafuta kiasi. Kiasi kinataka ujue mwanga umepita umbali gani ndani ya damu na umetawanyika vipi kwenye ngozi, mfupa na maji. Kampuni ya Masimo ya Marekani ilipata kibali cha mamlaka ya dawa na chakula ya huko mwaka 2008 kwa kifaa kinachotumia miale ya urefu tofauti saba au zaidi badala ya miwili. OrSense ya Israeli ilikwenda njia nyingine: pete inajaa hewa kidoleni, inaukata mzunguko wa damu kwa muda mfupi, na mashine inasoma jinsi mwanga unavyobadilika damu ikiwa imesimama. Njia zote hizi mwishoni hutegemea kanuni za hesabu zilizotengenezwa kwa kulinganisha usomaji wa mwanga na damu halisi ya watu waliochotwa. Mgonjwa wako akiwa mbali na watu wale kwa hali yake, kanuni inaanza kuyumba.

Inayumba kiasi gani? Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 32 zenye watu 4,425, ukilinganisha vifaa hivi na maabara. Kwa wastani tofauti ilikuwa ndogo mno, gramu 0.10 tu kwa desilita. Muuzaji atakuonyesha hiyo namba na kunyamaza. Lakini wastani hautibu mtu. Ukiangalia mgonjwa mmoja mmoja, kifaa kiliweza kusoma pungufu kwa takriban gramu 2.6 au zidi kwa gramu 2.8, na hiyo ndiyo mipaka inayowafunika karibu 95 kati ya kila 100. Weka kwenye maisha yetu: mgonjwa ambaye maabara ingemsoma 7, kidoleni anaweza kusomwa popote kati ya 4.4 na 9.8. Wa kwanza utakimbia kumtafutia chupa za damu, wa pili utamwandikia vidonge vya madini ya chuma na kumrudisha nyumbani. Ni mtu yule yule. Kumbuka pia kwamba chupa moja ya damu kwa mtu mzima hupandisha hemoglobini kwa takriban gramu 1, kwa hiyo kosa la kifaa ni kubwa kuliko tiba yenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kifaa hukosea hasa pale unapokihitaji. Mwanga unategemea mapigo ya damu kidoleni. Mtu akiingia kwenye mshtuko wa kupoteza damu, mwili unabana mishipa ya mikono na miguu ili ubongo na moyo vipate kilichopo. Vidole vinakuwa baridi, mapigo kidoleni yanafifia, na kifaa kinabaki kuokota mabaki. Vifaa vingi vina namba ndogo pembeni inayoonyesha nguvu ya mzunguko wa damu kidoleni. Wengi wetu hatuitazami. Itazameni. Ikiwa chini, au kifaa kinazunguka muda mrefu bila kutoa jibu, chukulieni huko kugoma kwenyewe kama dalili ya mgonjwa na si kama usumbufu wa mashine. Kidole kisichosomeka kwenye mkono wa baridi ni habari, na ni habari mbaya.

Rangi ya ngozi ni jambo ambalo sisi Waafrika hatuna budi kulisema waziwazi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba oksimeta za kawaida zilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga. Oksimeta ni kifaa chepesi kuliko hiki chenu na ina uzoefu wa miongo mingi, na bado ilikuwa na pengo hilo. Kwa hiyo mtu akiwaletea kifaa cha hemoglobini, swali la kwanza la kumuuliza ni kilijaribiwa kwa watu wa rangi gani na wangapi kati yao walikuwa na damu chini ya 7. Asipokuwa na jibu, mmeshajibiwa.

Basi mama kama yule mnampima kwa kitu gani? Kwa vitu mlivyo navyo tayari. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 124 kwa 95 ni 1.3. Kwa mzazi, ikivuka 0.9 tayari ni onyo, 1.3 ni king'ora. Hesabu hiyo ungeweza kuifanya kichwani kabla mwenzako hajamaliza kutafuta kidole kisicho na piko. Kisha pimeni damu inayotoka, si inayobaki. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Kitu kikubwa ndani yake kilikuwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya mililita, linalotandikwa chini ya mama baada ya mtoto kutoka. Damu ikifika 500, au 300 ikiambatana na dalili mbaya, timu inaanza mambo yote kwa mkupuo bila kungojana: kukanda kizazi, oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke), dripu, kukagua chanzo cha damu, na kuita msaada. Wakunga walitambua asilimia 93 ya waliovuja damu, wakati kwenye hospitali za utaratibu wa zamani ilikuwa 51. Madhara makubwa, yaani kuvuja lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa damu, yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Mfuko wa plastiki wenye mistari, pamoja na timu isiyongojana, ndivyo vilivyofanya hayo. Kama kituo chenu kina bajeti ya kitu kimoja tu, ningewaombea mashuka hayo kabla ya betri za kibanio.

Na hiyo asidi ya traneksamiki iwe kabatini leba, si stoo iliyofungwa na mwenye ufunguo kaenda kula. Gramu moja kwenye mshipa, taratibu kwa dakika kumi hivi, ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya muda huo inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Ikichelewa, faida inapotea. Saa tatu ni ndefu kwenye maandishi, lakini ni fupi sana mkiwa mnangoja namba ishuke ndipo muamini.

Je, mkitupe? Hapana, msikitupe. Kifaa hiki kina mahali pake, na mahali penyewe ni kwa wasio na haraka. Kliniki ya wajawazito ni ya kwanza: mama wa wiki ya ishirini asiyependa kuchomwa kila mara, mnataka kujua kama yuko karibu na 11 au yuko mbali chini. Akisomwa 12 na macho yake yana wekundu wake, endeleeni. Akisomwa chini ya 10, au rangi ya viganja na ndani ya kope inakutia shaka hata kama kifaa kimesema 12, mchomeni mhakikishe. Kwenye kliniki kosa la gramu mbili linarekebishika wiki ijayo.

Pa pili ni kufuatilia mwelekeo, kama chenu ni cha aina inayobaki kidoleni na kusoma mfululizo. Kijana wa bodaboda ameanguka, tumbo linamuuma upande wa kushoto, presha bado nzuri, mnahofia bandama. Kibanio kikiwa kidole kile kile, mkono ule ule, kikaanza na 13.5 na baada ya saa mbili kikasoma 11.5 bila dripu nyingi kupita, hiyo ni sababu ya kuita gari hata kama namba zote mbili zina makosa, kwa sababu huenda makosa yenyewe yanafanana. Lakini sheria hii inakwenda upande mmoja tu. Kushuka kunakuamsha, kutoshuka hakukupi ruhusa ya kulala.

Kwa watoto ninakuwa mkali zaidi. Mtoto wa malaria kali au selimundu akifika amepauka, uamuzi unakaa kwenye mstari mwembamba. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari hawakufa zaidi kwa kutokupewa damu papo hapo, mradi waangaliwe kwa karibu na wapewe pindi dalili zikijitokeza au damu ikishuka chini ya 4. Ni habari njema kwa nchi ambazo chupa ya damu hutafutwa kwa kupigiana simu. Ila kati ya 4 na 6 ni gramu mbili, na kosa la kibanio chenu linaweza kuzidi hizo. Mtoto huyo mpimeni kwa tone la damu.

Kipimo cha tone, kama HemoCue ya Sweden, kinatosha kabisa kwa kituo cha afya: mikrolita 10 kwenye kikuveti (kile kijisahani kidogo cha plastiki kinachonyonya tone), jibu ndani ya dakika moja au chini ya hapo. Mgonjwa mwenye mikono ya baridi msimkamue kidole, maana mnakamua na maji ya tishu; chukueni tone kutoka kwenye damu ya mshipa mnapoweka kanula. Na ninyi wa pwani mna adui mmoja wa ziada: unyevu. Vikuveti vya aina ya 201 huharibika kwa hewa ya unyevu, kwa hiyo kopo lifungwe mara tu mnapotoa kimoja, na tarehe ya kulifungua iandikwe kwa kalamu juu yake. Nimewahi kuona wodi nzima ikipata namba za ajabu wiki mbili kwa sababu ya kopo lililoachwa wazi karibu na dirisha.

Utasikia pia habari za simu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakishirikiana na wenzao wa Moi, Eldoret, walipiga picha za ndani ya kope za watu 153 na kukadiria hemoglobini kutoka kwenye wekundu wake. Nimefurahi kuona kazi hiyo ikifanyika kwa macho yetu sisi, kwenye ngozi zetu, na sehemu ile ya kope haina rangi nyingi ya ngozi wala haipakwi hina. Kwa mama anayevuja damu, hata hivyo, picha ya kope itakuambia ukolezo, na hapo tunarudi kwenye birika la chai.

Umegusia piko. Hina ya kawaida ile nyekundu mara nyingi mwanga unapita, lakini piko jeusi linaweza kuzuia miale au kupotosha usomaji bila kifaa kulalamika, na hilo la pili ndilo baya. Rangi ya kucha nayo iondolewe. Tafuteni kidole kisafi kama mlivyofanya. Msihamishie sikioni kibanio kilichotengenezwa kwa ajili ya kidole. Na kama mama ni bibi harusi wa juzi, mikono yote imepambwa hadi ncha, wekeni kifaa mezani, shikeni kifundo cha mkono wake mhesabu mapigo kwa dakika nzima, huku mwingine akifungua dripu.